Betri za Yule Anayelia

Kabla sijaeleza jinsi nilivyosafiri kutoka Garissa mpaka Nairobi kumsikiliza kijana wa kizungu akilia, inabidi nianze na habari za betri.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa karani katika ofisi ya shirika moja la maji. Kazi yangu ilikuwa kuandika ni visima gani vimekufa. Mhandisi wetu, mzungu mrefu ambaye ngozi yake haikuwahi kupatana na jua letu, alikuwa anapunguza vitu vyake akanigawia kanda mbili. Moja ilikuwa ya kujifunza Kifaransa. Ya pili ilikuwa ya bendi ya vijana wanne wa Nairobi, watoto wa wakubwa wa mashirika na balozi, ambao hawakuwa na kampuni ya kuwarekodi na walijivunia sana kutokuwa nayo. Walirekodia gerejini kwa baba wa mmoja wao. Mhandisi aliniambia hiyo ni roki ya namna yake, inaitwa emo, na kwamba inahusu hisia. Nikamuuliza hisia zipi. Akafikiri kidogo, akasema ni huzuni, hasa.

Huzuni sisi tulikuwa nayo ya kutosha. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara, na maji yalipokauka mbuzi wakaanza kufa kwa homa. Lakini hakuna mtu pale mjini aliyewahi kufikiria kuitia huzuni hiyo gitaa la umeme. Nilichukua kanda kwa adabu, nikaisikiliza usiku mmoja, na tangu siku hiyo Kifaransa changu hakikuendelea.

Mwimbaji alikuwa na sauti inayokatika kila alipokaribia neno muhimu. Wimbo mmoja niliurudia mpaka kanda ikaanza kuyumba. Ulikuwa wa msichana aliyepanda ndege akaenda zake, na kijana akabaki uwanjani na maneno yake yote kinywani. Mara ya mwisho ya kiitikio haimbi tena, analia kabisa, na ngoma zinapigwa kwa hasira kama mtu anayegonga mlango wa choo. Kiingereza changu cha shule kilinitosha, ingawa nadhani ningemwelewa hata angeimba Kichina.

Sababu ya kumwelewa ilikuwa msichana aliyeuza dukani kule Iftin, mtaa mmoja wa Garissa. Lilikuwa duka la baba yake: sukari, majani ya chai, kandili, sabuni ya mche, na betri. Redio kaseti yangu ya kubeba mkononi ilikula betri kama ng'ombe anavyokula majani baada ya kiangazi, na mimi nikashukuru Mungu kwa ulafi wake. Nyingine nilizinunua wakati za kwanza bado zina nguvu. Nina hakika mwaka ule hakuna mtu mkoani aliyenunua betri kunishinda, pamoja na jeshi.

Siku moja aliniuliza nazifanyia nini. Nikampa hedifoni. Aliziingiza chini ya mtandio, akasikiliza wimbo wangu wote, uso haumtikisiki.

"Huyu amefiwa na nani?" akauliza.

"Hajafiwa. Kuna msichana anamtaka."

"Amemwambia?"

"Hapana."

"Basi analia nini?" Akanirudishia hedifoni, akamgeukia mwanamke aliyetaka nusu kilo ya sukari.

Tangu hapo kila nilipokwenda aliniuliza, "Yule wako bado analia?" nami nikajibu kwamba bado. Akasema haya, na amwambie basi, yeye ana betri nyingi ila si za kudumu milele. Mtu mwingine, mtu mwenye akili ya kawaida, angelielewa anachoambiwa. Mimi nilirudi nyumbani nimefurahi kwamba tunapenda muziki mmoja.

Kwetu jambo kama hili halihitaji ushujaa mkubwa. Kijana haendi mwenyewe kwa baba wa msichana. Anamwambia mkubwa wake, mkubwa anakusanya wazee wawili watatu, wanakwenda kunywa chai na kusema. Mkubwa wangu alikuwa ndugu wa mama yangu, ambaye nilimwita abti, naye akaniita abti vilevile, maana kwetu mjomba na mpwa wanaitana jina moja. Nilikuwa naishi kwake. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mwenye lori moja na ndevu alizozitia hina kila wiki. Kilichotakiwa kwangu kilikuwa sentensi moja. Nilisema nitaitamka baada ya mvua. Halafu baada ya Ramadhani. Halafu baada ya Idi, maana Idi mtu ana shughuli nyingi. Wakati huo wote abti alilala chumba cha pili akisikiliza, kupitia ukuta wa mabati, mzungu akiomboleza.

"Huyo mtu wako," aliniuliza asubuhi moja, "hana ndugu?"

Basi mhandisi akaniambia bendi ile itapiga Jumamosi alasiri katika ukumbi wa shule moja ya Nairobi, na lori la abti lilikuwa linateremka Alhamisi na mbuzi. Nikaomba nafasi. Nilikuwa nimejiwekea nadhiri: nikamwone kwa macho mwenzangu huyu mara moja tu, na nikirudi Garissa nitasema ile sentensi. Nilidhani ujasiri ni kitu kinachogawiwa kwenye maonyesho.

Kwenye daraja la Tana polisi walituteremsha kama kawaida. "Waria, kipande," akasema askari, maana waria ndilo jina wanalotuitia Wasomali, nikampa kitambulisho na ile kadi ya uchunguzi ya kuthibitisha kwamba Msomali ni Mkenya, ambayo wenzetu wa Nakuru na Kisumu hawajui hata rangi yake. Akavigeuza, akavipima mkononi.

"Nairobi unaenda kufanya nini?"

"Kusikiliza muziki, afande."

Aliniangalia kwa muda. Nadhani alikuwa amesikia uongo wa kila namna kwenye daraja lile, wa wagonjwa, wa mazishi, wa mitihani, lakini huu ulikuwa mpya. Akaita mwenzake aje asikie. Nikalazimika kusema tena. Abti alikuwa amesimama pembeni, mikono mgongoni, ananitazama na yeye, halafu tukajiunga na msafara wa magari yanayosindikizwa na polisi.

Ijumaa mbuzi waliuzwa. Jioni abti alikwenda Eastleigh kwenye duka lenye redio za mawasiliano, pale watu wetu walipopiga kelele mpaka wasikike Garissa na Mandera, akarudi na habari kwamba tuna mzigo wa kurudi nao. Mfanyabiashara mmoja wa Elwak, ambaye alikuwa anafungua stoo Garissa, anaoa. Alikuwa ameagiza vyombo kwa fundi, na sasa amesema vichukuliwe. Jumamosi asubuhi tukavipakia. Kabati la kioo, makochi manne, godoro ndani ya nailoni yake, na kitanda cha mvule chenye kichwa kilichochongwa maua kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyekishika kile kichwa upande wa mbele. Nilimwambia fundi, kwa ujuzi wangu wa karani wa visima, kwamba maua yamezidi. Akasema ndivyo maharusi wanavyopenda. Sikuuliza ni harusi ya nani. Watu wanaoa kila siku.

Abti hakuwa na mpango wa kwenda ukumbini. Aliposikia kwamba ndiye yule yule wa ukutani, alivaa kikoi safi akasema anataka kumwona.

Tuliingia tukinuka mbuzi. Vijana kama sitini hivi walikuwa wamesimama gizani saa tisa na nusu mchana, maana mapazia yalikuwa yamefungwa kwa makusudi, wamevaa sweta katika joto lile, na kila mmoja anatazama viatu vyake. Hakuna aliyecheza. Kijana mmoja mwenye nywele za rangi ya bluu alizitazama ndevu za abti, za rangi ya chungwa, kwa heshima ambayo sijawahi kuona mtoto wa Nairobi akimpa mtu wetu. Akamsogezea kiti. Abti akaketi mbele kabisa, fimbo kati ya magoti, kama alivyoketi kwenye kila baraza la maisha yake.

Na hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kwetu hakuna mtu anayesimama mbele ya watu akatoa uchungu wake kwa mashairi ili watu wapitishe muda. Shairi ni mashtaka. Mtu ameibiwa ngamia, ameonewa, amenyimwa mke, anasimama, anasema kwa vina, na waliosikia wanamwitikia kila mstari ili ajue wamesikia. Akimaliza, wamekwisha kubeba mzigo. Hawawezi kurudi nyumbani wakalala. Lazima wakae, waulize, watume watu.

Mwimbaji alitoka. Alikuwa mwembamba, ana miwani, amegeuka nusu anatupa mgongo. Alipoanza wimbo wangu, nilianza kuyatamka maneno pamoja naye. Abti akaniinamia sikioni: anasema nini? Nikamtafsiria. Anasema ameondoka, abti. Anasema hakumwambia. Anasema uwanja wa ndege ulikuwa mtupu.

"Haye!" akasema abti kwa sauti kubwa.

Ukumbi mzima ukageuka. Mwimbaji akageuka pia, kwa mara ya kwanza alasiri ile. Akaimba mstari wa pili, akimtazama mzee huyu.

"Haye! Waa run!" Yaani, ni kweli. Na fimbo ikagonga sakafu.

Hapo mambo yalichangamka kupita mategemeo ya mtu yeyote. Bendi ilizoea kuimbia vichwa vilivyoinama. Sasa walikuwa na mtu anayewaitikia kila mstari, mwenye ndevu zinazowaka, na wakaupiga wimbo ule kana kwamba maisha yao yanautegemea. Mwenye nywele za bluu akaanza kuitikia "haye" na yeye, wakafuata wengine. Kiitikio cha mwisho kilipofika na kijana akaanza kulia, abti alikuwa anatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. Mimi nililia. Gizani, katikati ya watoto wa mabalozi, nililia machozi hasa, na sikuyafuta, na nilikuwa na furaha kupita kiasi.

Walipomaliza abti alisimama, akajipangusa kikoi. "Twende," akasema. "Tumemsikia."

"Twende wapi?"

"Kwake. Anahitaji watu."

Nilijaribu kumweleza kwamba huu ni muziki tu. Akaniambia nisimfundishe. Tukamkuta mwimbaji nyuma ya jukwaa anakunywa soda, karibu na meza ambayo msichana mmoja mwenye sweta kama lake alikuwa anauza kanda, anatafuna chingamu. Kwangu abti alisema Kisomali, na Kiswahili hiki kizuri ninachomwandikia hapa ni zawadi yangu kwake. Kwa kijana alitumia cha sokoni, ambacho p ni b na v ni f.

"Kijana, bole. Bole sana," akamshika mkono kwa mikono miwili. "Baba ya hiyo msichana iko wabi?"

Kijana, aliyezaliwa na kukulia Nairobi, alijibu kwa lafudhi bora kuliko yangu. "Msichana gani, mzee?"

"Hiyo nabanda ndege. Usiogobe. Mimi iko na lori, iko na watu Eastleigh, wazee ya heshima. Kesho asubuhi mabema tunaenda kwa baba yake, tunakunywa chai, tunaongea fizuri. Maneno kama hii haiwezi kubaki kwa roho."

Kijana alinitazama mimi. Mimi nilitazama viatu vyangu, nikajikuta nimekuwa shabiki kamili.

"Aah, mzee," akasema, na kwa kweli alikuwa mpole. "Ni ngoma tu. Hakuna noma."

"Ni mimi," akasema msichana wa kanda. Akatoa chingamu. "Ule wimbo ni mimi. Tulikosana Ijumaa, nikaenda Mombasa na mamangu. Nilirudi Jumatatu." Akamwekea kijana mkono begani, na kijana akacheka, wakacheka wote wawili, vijana wazuri wenye meno mazuri.

Abti hakucheka. Alimtazama msichana, akamtazama kijana, akarudia tena.

"Jumatatu," akasema.

"Jumatatu asubuhi," akasema msichana.

Akawauliza wanaoana lini, na kwa sababu walicheka tena, akawaombea heri akatoka nje. Kwenye ngazi alisimama kidogo kuzoea mwanga. "Sauti kama ile," akaniambia, "na hana shida yoyote." Alikuwa na hasira ya mtu aliyeitwa kuzima moto akakuta watu wanachoma nyama. Nami nilikuwa na aibu, si kwa ajili yake. Miezi yote ile nilikuwa nimemwonea mwenzangu huruma, kumbe alikuwa na mke kasoro ndoa.

Jumapili tuliondoka mapema. Mpaka tulipopita Thika mimi nilikuwa najipanga. Nadhiri ni nadhiri. Sikuwa nimegawiwa ujasiri wowote ukumbini, ila nilikuwa nimechoka na kulia kwa niaba ya mtu mwingine. Lakini yeye ndiye aliyetangulia.

"Abti, yule hana shida. Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Nilikuona jana. Mtu halii vile kwa ajili ya ndege ya mzungu. Kuna mtoto wa nani?"

Nikasema. Sentensi moja, na haikuwa ndefu hata hivyo. Nikamtaja baba, nikataja duka la Iftin, nikaongeza habari za betri bila kuulizwa, na baada ya hapo nilijisikia mwepesi mpaka nikatamani kushuka nisukume lori. Nilimgeukia nione kama anatabasamu.

Hakuwa anatabasamu. Aliendesha. Aliendesha mpaka Mwingi, akaegesha mbele ya hoteli, akazima injini, na hakushuka.

"Unajua mzigo ule tunaushusha wapi?" akauliza.

"Kwa yule mtu wa Elwak."

"Nyumba yake bado inapakwa rangi. Amesema tushushe kwa baba wa msichana." Akavua kofia, akaiweka kwenye goti. "Iftin. Pale dukani."

Nilisikia vikombe vikigongana ndani ya hoteli. Nikauliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, kama wamekwisha kubaliana.

"Fatiha wamesoma Ijumaa, baada ya swala. Ndiyo habari niliyopewa kwenye redio." Akaigeuza kofia juu ya goti. "Alhamisi asubuhi, kabla hatujaondoka, walikuwa bado wanazungumza. Mzee wa duka hakuwa na haraka, alisema anangoja aone kama kuna mwingine. Nilikuwa nimekaa nao mimi. Pale darajani askari alikuuliza mbele yangu unakwenda kufanya nini. Ungesema pale, ningegeuza lori na mbuzi wote."

"Na sasa?"

"Sasa siwezi kwenda kuomba juu ya ombi la mwenzangu. Nimekabidhiwa mali yake, iko mgongoni." Alinishika shingo kwa nyuma, akanitikisa kidogo, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto. Tukashuka, tukanywa chai. Sikumbuki kitu kingine chochote cha barabara ile.

Iftin tulifika baada ya alasiri. Baba wa msichana alitupokea kwa dua, akatuletea maji baridi, akasifu kitanda. Abti aliniambia nibaki ndani ya lori, atatafuta watu wa kushusha. Nikakataa. Sijui nilikuwa nathibitisha nini na kwa nani. Nilikishika kile kichwa cha kitanda upande uleule wa mbele, nikakipitisha kwenye lango, na nikayaona maua yote kwa karibu kwa mara ya pili. Yalikuwa yamezidi. Nilikuwa nimesema kweli.

Nilipotoka nilimkuta msichana amesimama kwenye mlango wa duka unaotazama uani. Hakukitazama kitanda. Alininyooshea mkono, na mkononi mlikuwa na betri nne mpya.

"Chukua. Za leo hazilipiwi."

"Za nini?"

"Za yule wako. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Bado hajamwambia?"

Ningeweza kudanganya. Ilikuwa zamu yangu ya mwisho ya kuulizwa swali lile, na jibu nililijua kwa moyo. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Alimwambia zamani," nikasema. "Wako pamoja. Walikosana siku tatu tu."

Alifikiri juu ya hilo. Akazirekebisha betri kwenye kiganja changu, moja moja, zisianguke, bila kunigusa.

"Kumbe aliyekuwa kimya ni wewe peke yako," akasema, taratibu, kama mtu anayetaja bei, akarudi dukani kwa sababu kulikuwa na mteja.